Mabati Yaliyoliwa na Mbwa

Phelis Kemuma alikuwa mwoga, na tuliseme hilo mapema ili mtu asije akamwonea baadaye. Aliogopa radi, aliogopa nyoka, aliogopa daraja la magogo pale mtoni hata wakati wa kiangazi, na siku mpiga picha alipokuja soko la Chepseon alitorokea nyuma ya duka mpaka mtu yule alipofunga virago vyake. Watu walimcheka. Yeye pia alicheka nao, kisha siku ya pili akaogopa tena vilevile.

Kazi ndiyo hakuiogopa. Mwaka wa 1965 yeye na mumewe, Ondieki, waliuza walichokuwa nacho kule Kisii wakaja kununua ekari tatu karibu na Chepseon, upande wa Kericho. Ondieki alikuwa fundi wa cherehani, ameketi kwenye baraza ya duka sokoni tangu asubuhi mpaka jioni, suruali za watu zimemzunguka. Kwa hiyo aliyefyeka, aliyepanda chai, aliyekamua ng'ombe wao mmoja wa gredi na aliyebeba majani mgongoni hadi kituo cha kupimia, huyo alikuwa Phelis. Walikuwa wamekaa miaka tisa kwenye ndoa bila mtoto, na maneno ya mashemeji unayajua mwenyewe. Halafu mwaka mmoja baada ya kuhama akazaliwa Nyatichi. Baada ya Nyatichi hakuzaliwa mwingine, na Phelis akawa na kitu kimoja cha kuogopa kuliko radi na nyoka na daraja vikiwekwa pamoja.

Nyumba yao ilikuwa ya nyasi na ilivuja. Mvua ya Kericho si mvua ya kupita njia, inakuja kila alasiri kama mtu anayedai chake, na Phelis alikuwa na desturi ya kuweka karai hapa, sufuria pale, na kulala akisikiliza matone. Alitaka mabati. Kila bonasi ya chai ilipotoka alitia kitu kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo, akaufukia chini ya magunia ya mahindi, na kufikia mwaka wa 1972 alikuwa amebakisha kidogo tu. Alikuwa hata ameanza kuwaambia wanawake kisimani kwamba Krismasi hii atalala pakavu.

Na kulikuwa na mbwa. Mbwa mwenyewe aliletwa akiwa mdogo kwenye mfuko wa koti la Ondieki, malipo ya mteja aliyeshindwa kulipia suruali. Wakamwita Kamata, jina kubwa kabisa, na maisha yake yote hakuwahi kumkamata mtu wala kuku. Alichojua ni kumfuata Nyatichi. Mtoto akienda kuteka maji, Kamata yuko nyuma. Mtoto akilala kwenye mkeka jikoni, Kamata amejikunja miguuni pake. Phelis alijidai kumdharau, lakini sehemu ya chini ya sufuria ya ugali, ile iliyoshika moto, ilikuwa ya Kamata, na ole wako uiguse.

Mwezi wa nne, mvua zilipokolea, kupe wakamvamia mbwa yule. Masikio yakajaa kupe walionona kama punje za mahindi. Phelis akawatoa kwa vidole mpaka akachoka, na kesho yake walikuwa wengine. Ndipo alipokwenda kwa Kiptanui.

Kiptanui alikuwa jirani, shamba lake na la Phelis lilitengwa na ua wa miti tu, na kazi yake ilikuwa kuangalia dipu ya ng'ombe, yaani josho la kuulia kupe, ya wakulima wote wa pale. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa stoo ya dawa. Kamati ya dipu ilikuwa kali juu ya dawa ile. Haitoki nje hata tone moja, na mtu aliyeshika ufunguo kabla ya Kiptanui alifukuzwa kwa sababu ya kikombe kimoja tu. Lakini Kiptanui alikuwa na deni la moyo. Chepkorir, mke wake, aliposhikwa na uchungu wa mtoto wa tano, ni Phelis aliyemzalisha, siku ya mvua, pamoja na hofu yake ileile ya kawaida. Basi Kiptanui akamtilia dawa kwenye chupa ya soda, akaifunga kwa gunzi, akampa maagizo mawili. La kwanza, kifuniko kimoja cha soda kwa debe zima la maji. La pili alilisema akiwa ameshika chupa bado, hajaiachia.

"Usinitaje, mama. Wakijua ni mimi, nimekwisha."

Phelis akaapa kwamba hatamtaja.

Sasa kosa lenyewe. Jumapili alasiri alimfunga Kamata kwenye nguzo, akaweka maji kwenye karai, akakitazama kile kifuniko cha soda. Akaona ni mzaha. Ng'ombe mzima huzama ndani ya dipu yote hadi pembe, na yeye kupe wote hawa awaue na kifuniko? Kwetu sisi dawa ikiwa haiumi hatuiamini. Akamimina nusu ya chupa. Maji yakawa meupe kama maziwa. Akachukua gunzi akamsugua mbwa mgongo, tumbo, masikio, mpaka ngozi ikawa nyekundu, na Kamata alilia akamtazama, akalia tena. Phelis akamwambia atulie, mbona analalamika kama mtoto wa mjini. Kupe walianguka kama mchanga. Alifurahi sana jioni ile.

Asubuhi ya Jumatatu Ondieki alikwenda sokoni, Phelis akashuka kuchuma chai chini ya shamba. Hakuwa amejaza hata nusu ya kikapu aliposikia Nyatichi akilia. Si kilio cha kuanguka. Alikimbia, na mpaka leo hajui kikapu alikitupa wapi. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni ameshika kidevu, damu inapita katikati ya vidole. Mbwa wake alikuwa anatetemeka, naye mtoto akamwonea huruma, akamkumbatia. Kamata akamng'ata.

Na Kamata mwenyewe alikuwa pale chini kando ya mafiga. Meno yanagongana, povu linamtoka, misuli inaruka chini ya ngozi, macho yako wazi na hayamwoni mtu. Anainuka, anaanguka, anauma hewa.

Wiki tatu nyuma, mbwa mmoja asiye na mwenyewe alikuwa ametokea upande wa mashamba makubwa ya chai, akaingia sokoni akipigana na kila mbwa, na Kamata alikuwa mmojawapo. Watu walimuua yule mbwa kwa mawe wakasema alikuwa na kichaa. Phelis alikuwa amesahau habari ile. Sasa ilimrudia yote.

Yeye alikijua kichaa cha mbwa, hakusimuliwa. Alipokuwa msichana, mjomba wake aling'atwa mguuni, kidonda kikapona, watu wakasahau. Miezi miwili baadaye wakamfunga kamba kwenye nguzo ya nyumba yake mwenyewe. Phelis ndiye aliyetumwa kumpelekea maji kwa kibuyu. Mjomba alikuwa na kiu, aliyaomba yale maji, na alipoyaona tu koo likamkaza, akarusha kichwa nyuma, akapiga ukelele ambao Phelis aliusikia miaka yote iliyofuata kila alipotia maji kwenye kikombe. Siku ya tatu alikufa.

Majirani walifika na marungu. Mmoja alikwisha kuinua la kwake Kiptanui alipopenya katikati yao na gunia mkononi. Akasema wasimpige, mbwa aliyeng'ata mtoto hauawi kabla daktari hajamwona. Akamfunika, akamfunga miguu kwa ustadi wa mtu aliyezoea ndama. Alipoinuka, macho yake na ya Phelis yakakutana. Alikuwa amenusa manyoya ya mbwa yule. Hakusema kitu, na Phelis hakusema kitu, na watu wote waliobaki waliendelea kusema kichaa, kichaa, kichaa.

Ondieki alikuja mbio, futi ya kupimia bado iko shingoni. Walimbembeleza mwenye lori la kabichi aliyekuwa anaelekea Kericho, wakapanda juu ya mzigo, Kiptanui akamshika mbwa ndani ya gunia upande wa nyuma kabisa. Phelis alikuwa amefukua mkebe wa Kimbo. Aliushika kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine, na njia nzima alijiambia ni dawa ya dipu, ni dawa ya dipu tu. Halafu anamkumbuka mbwa wa sokoni, na sauti ile inazimika.

Hospitalini walimwosha mtoto kidonda kwa sabuni kwa muda mrefu. Daktari alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomtisha Phelis zaidi. Alisema sindano ni kumi na nne, kila siku moja, kuzunguka kitovu, na hizo hazina malipo. Kisha akauliza mbwa yuko wapi, yu hai?

"Msimuue," akasema. "Mbwa mwenye kichaa hamalizi siku kumi. Huyu akizimaliza akiwa mzima, mtoto wenu hana kitu, na sindano nitazisimamisha. Akifa mapema, tutaendelea na sindano na tutaomba Mungu. Kidonda kiko usoni, mama, karibu na kichwa. Kwa hapo siwezi kukuahidi."

Nyatichi alipochomwa ile ya kwanza aliita mbwa wake badala ya mama yake. Ondieki alitazama dirishani.

Kutoka hapo lori liliwapeleka kwa daktari wa mifugo, mtu mrefu aliyeitwa Ojwang, ofisi yake ikiwa na ua wa waya na vizimba viwili nyuma. Alifungua gunia kwa ncha ya fimbo akiwa mbali, akatazama, akalifunga. Hakuchelewa. Alisema mbwa huyu atampiga risasi leo hii, kichwa kitumwe maabara, na jibu litarudi baada ya wiki mbili hivi. Bure, serikali inalipa. Ondieki akashukuru. Kwake jambo lilikuwa limekwisha, mbwa ni mbwa, mtoto yuko kwenye sindano, twendeni.

Phelis akauliza, kwa sauti ndogo, kama hakuna dawa.

Ya kichaa hakuna, Ojwang akamjibu. Ziko sumu zinazomfanya mbwa atetemeke hivi, na kwa hizo iko dawa ya kumlaza mpaka sumu imtoke, lakini haiko kwenye stoo ya serikali, inanunuliwa duka la dawa mjini. Dawa, chakula, na mtu wa kumwangalia siku kumi, ni shilingi mia moja na sitini. Aliitaja bei ile akicheka kidogo, kama mtu anayemtajia mpita njia bei ya gari. Ondieki naye akacheka. Ng'ombe, sawa. Mbwa? Wazungu ndio waliolipia mbwa, nao wengi wao walikuwa wamekwisha kwenda kwao.

Phelis hakucheka, kwa sababu ndani ya mkebe mlikuwa na hizohizo, zikizidi kwa shilingi chache. Yalikuwa mabati yake, na Krismasi ya kulala pakavu. Na hilo halikuwa kubwa. Aliliona jambo lenyewe jinsi lilivyo. Mbwa akipigwa risasi leo, wiki mbili hatajua. Akifa kwa sumu kesho, atakuwa amekufa kabla ya siku kumi, na kila mtu atasema kichaa, na yeye atakaa mwezi, miezi miwili, anamtazama Nyatichi kila anapoinua kikombe. Alitaka mbwa aishi. Hakuna kingine duniani ambacho kingemwambia kwamba mtoto wake ataishi.

Akasema atalipa. Ondieki akageuka akamtazama kana kwamba yeye ndiye aliyeng'atwa.

Lakini Ojwang alikataa pesa. Alisema hawezi kumwambia mfanyakazi wake atie mkono karibu na mdomo wa mbwa wa kichaa kwa ajili ya huruma ya mtu. "Nipe sababu ya kuamini ni sumu," akasema. "Amekula nini? Mlimfanya nini?"

Kiptanui alikuwa amesimama kando ya mlango, anatazama viatu vyake vya gambuti. Phelis alimwogopa Ojwang, alimwogopa mumewe, aliogopa karatasi na kalamu iliyokuwa juu ya meza ile.

"Nilimwogesha na dawa ya dipu," akasema. "Nusu chupa. Jana."

"Dawa ya dipu umeitoa wapi?"

Kiptanui akainua uso. Watoto watano, na huyo wa mwisho ni Phelis aliyemkata kitovu.

"Niliiba," Phelis akasema.

Ojwang akachukua kalamu akaandika, maana dipu zote za upande ule zilikuwa chini ya ofisi yake. Kiptanui alifungua mdomo, akaufunga. Mpaka leo siwezi kumhukumu, ingawa kuna siku nimejaribu. Ondieki alikuwa mzee wa kanisa. Mkewe kuiba, tena kwa majirani waliowakaribisha kwenye ardhi yao, na kulitamka mbele ya mtu wa serikali. Alisema maneno matatu tu kabla ya kutoka nje kwenda kusimama kando ya lori.

"Mama Nyatichi, umeniua."

Phelis akamwaga mkebe juu ya meza. Ojwang alipomaliza kuhesabu akamwambia jambo moja zaidi, na hakulisema kwa ubaya. Alimwambia asitarajie mengi, kwani mbwa anaweza kuwa na dawa ya dipu kwenye ngozi na kichaa kwenye damu, vyote viwili kwa pamoja. Siku kumi ni siku kumi.

Ondieki na Kiptanui walirudi Chepseon na lori lilelile. Phelis na mtoto walibaki kwa wifi yake Syprose, aliyekuwa mchuma chai na alikuwa na chumba kimoja kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa chai, nje ya mji. Kila asubuhi walitembea hadi hospitali, Nyatichi akachomwa, kisha wakatembea polepole, mtoto ameshika tumbo, hadi kwenye waya wa Ojwang.

Siku ya kwanza walimkuta Kamata amelazwa kwa dawa, ameoshwa kwa sabuni mara nne, ubavu unapanda na kushuka. Siku ya pili alishikwa na mtetemeko tena, wakamchoma tena. Phelis alihesabu pumzi zake mpaka mfanyakazi akamwuliza kama yeye hana kazi nyingine. Siku ya tatu mtetemeko ulikwisha. Phelis hakuthubutu kufurahi. Usiku alikuwa akimwekea Nyatichi kikombe cha maji mbele yake akamwambia kunywa, kunywa tena, nione, mpaka Syprose akamnyang'anya kikombe na kumwambia atamtia mtoto wazimu.

Siku ya nne Kamata alisimama. Miguu ilimpepesuka lakini alisimama, akatazama waya, akatikisa mkia mara moja alipomwona mtoto. Mfanyakazi akafungua kizimba kidogo akasukuma ndani maji kwenye karai.

Mbwa aliyaona maji yale akarudi nyuma. Alirudi mpaka mgongo ukagusa ukuta, akajikunyata pale, akaanza kutetemeka mwili mzima, udenda ukimtoka, macho yamekazwa kwenye karai. Mfanyakazi alilisogeza karibu kwa fimbo. Kamata akalia sauti nyembamba, akageuza kichwa kana kwamba amepigwa.

Ojwang aliitwa. Alitazama kwa muda, akafunga daftari lake. Alisema polepole kwamba mbwa ana kiu ya siku tatu na anayakataa maji, na yeye ameyaona haya mambo, na kesho asubuhi ikiwa hivi atachukua bunduki. Alimwambia Phelis pole. Neno lile pole, Phelis alilisikia kama ubao wa sanduku unavyopigiliwa msumari.

Aliketi chini kwenye nyasi palepale. Alimwona mjomba wake na nguzo na kibuyu. Alimtazama Nyatichi, kidevu chake chenye uzi mweusi wa kushonea kidonda, na hakuona mtoto wa miaka sita, aliona kamba. Alitaka kulia na hakuweza. Basi ni vyote viwili, akawaza. Mabati yamekwenda, jina limekwenda, na mtoto anakwenda.

Nyatichi alikuwa amekaza uso kwenye waya.

"Mama," akasema, "anaogopa karai."

Phelis hakumwelewa.

"Haogopi maji. Anaogopa karai. Ulimwogesha ndani yake akalia sana, na wewe ukamwambia atulie. Kwani umesahau?"

Phelis aliinuka. Alikwenda kwa mfanyakazi, na yeye aliyeogopa watu wa ofisi aliichukua sufuria ya chai ya mtu yule bila kuomba, akaimwaga chai yake chini, akaijaza maji bombani. Alilivuta karai nje kwa fimbo akalitupa nyuma ya jengo lisionekane. Kisha akaisukuma sufuria ndani.

Kamata alinusa. Alitazama kulia, alitazama kushoto. Akaja, akaweka mdomo, akanywa. Alikunywa mpaka sufuria ikalia chini, akailamba, akaisukuma kwa pua kwenye saruji akitafuta zaidi. Phelis akajaza tena, akanywa tena. Mfanyakazi alisahau hata kudai chai yake. Ojwang alikuja mlangoni, akatazama, akafungua daftari.

Ndipo Phelis alipolia. Alilia kwa furaha, na katikati ya furaha ile alilia kwa aibu, kwa sababu mbwa aliponyanyua kichwa na kumwona yeye ameshika uzio, alirudi tena kule ukutani.

Siku ya kumi daktari wa hospitali alitaka kumwona mbwa kwa macho yake. Phelis alimshika Kamata kwa kamba, na Kamata akakaza miguu minne asimfuate hata hatua moja. Akampa Nyatichi kamba. Mbwa akaenda naye kama kawaida, mpaka kwenye lango la hospitali, na pale akanyanyuka akamlamba mtoto kovu la kidevu mbele ya daktari na wauguzi wawili. Daktari akasema sindano zimekwisha. Kumi zilitosha.

Walirudi Chepseon. Kamati ya dipu ilikaa, ikaamua ng'ombe wa Phelis asikanyage dipu yao miezi sita, kwa hiyo kila Alhamisi alimswaga hadi dipu nyingine, vilima viwili mbele, akipita mbele ya watu wote waliopanga foleni. Kiptanui alipomwona anakuja aliingia ndani ya stoo akajifanya anapima dawa. Kanisani Ondieki alijiuzulu uzee, na Phelis akasimamishwa mbele ya waumini akaambiwa aungame. Hapo alipata hofu mpya, maana kuungama wizi ambao hukuufanya ni uongo, tena ndani ya nyumba ya Mungu. Akasema tu, "Nimekosa." Wakaridhika. Wanawake kisimani walimwuliza mabati yako wapi, kisha wakajijibu wenyewe kwamba yameliwa na mbwa, wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Ondieki alizungumza naye kwa kumtuma mtoto muda wa mwezi mzima. Asubuhi moja Phelis alikuta kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kimesimamishwa kwenye ua upande wa kwa Kiptanui, kimejaa, na nyayo za Chepkorir kwenye umande. Alikunywa, akakisafisha, akakirudisha palepale.

Nyumba ilibaki ya nyasi miaka minne zaidi. Kamata aliishi yote minne, mzima, mnene, rafiki wa kila mtu. Hata Ondieki alimpa mifupa. Ila kila mvua ya alasiri ilipoanza, matone yakaanza kupenya darini, na Phelis akainuka kulichukua karai aliweke mahali pake pa siku zote, mbwa aliinuka pale miguuni pa Nyatichi, akampita kwa mbali akiambaa ukuta, akatoka nje kusimama kwenye mvua.

Phelis alikuwa akiacha karai akamfuata mpaka mlangoni. Aliiacha mvua imloweshe uso.

"Rudi ndani, baba," alimwambia. "Ni maji tu."